Sidii Iliyoshonwa

Ilisema ta, mara moja tu, kama ganda la karanga. Laurensia akabaki ameishika kwa ukingo, vidole vya mikono yote miwili, na kwa muda hakutaka kuitazama. Maisha yake yote alikuwa amefunua vifuniko: vya masufuria, vya madebe, vya makopo ya rangi. Kifuniko unakishika pembeni unakivuta. Ndivyo alivyoivuta sidii ya kwaya kutoka kwenye kasha lake, apate kulipangusa vumbi. Ikakataa. Akaongeza nguvu kidogo, ikatoka.

Alipoitazama aliuona ufa. Ulianzia kwenye tundu la katikati, ukaenda urefu wa kucha ya kidole cha mwisho, ukakomea kwenye lile duara angavu lisilo na kitu, kabla ya kufika panapong'aa rangi za upinde wa mvua. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Ukiigeuza hivi unauona, ukiigeuza hivi hauonekani.

Nje, ufagio wa Mukandekezi ulinyamaza. "Nini hicho kimelia?" aliuliza kutoka dirishani.

"Hakuna kitu," Laurensia alijibu. "Ni kasha."

Ufagio ukasubiri kidogo, kisha ukaendelea. Mukandekezi alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, aliyebaki huku wakimbizi wenzake waliporudishwa kwao Rwanda. Siku ile barabara ilipojaa watu kama siafu, Karekezi, mume wa Laurensia, alimkuta amekaa ukingoni miguu imevimba, akampa maji, akamwinua, akamleta hapa kigangoni. Katekista Byarugaba akamwandikia barua ya kusema huyu ni mfagizi wetu, tunamfahamu. Tangu hapo yeye na Laurensia walipokezana siku za kufagia kanisa na kupangusa sakristia, na ile barua aliitembeza kila mahali, imefungwa kwenye pindo la kitenge.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumapili wageni wa Ulaya walikuwa wanarudi Chonyonyo. Mwaka uliopita walikuwa wamekuja na vipaza sauti vyao vidogo, wakaisimamisha kwaya mbele ya altare, wakairekodi. Miezi ikapita, na mwaka huu wa tisini na nane, baada ya zile mvua zilizobomoa barabara zote, kikafika kifurushi kupitia parokiani: redio ya sidii, nyeusi, yenye kifuniko juu, na sidii yenyewe, moja. Ilikuwa imepigwa mara tatu tu. Katekista alikwisha kutangaza kwamba wageni watapokelewa kwa sauti hiyohiyo waliyoichukua.

Ufunguo wa kabati la sakristia ulikaa kwa Karekezi, kwa kuwa ndiye mlinzi. Nyumba waliyolala, vyumba viwili nyuma ya kanisa, ilikuwa ya kigango. Kibanja walichokula, migomba na maharage na mistari ile minne ya kahawa, kilikuwa cha kigango. Mlinzi aliyewatangulia aliondolewa kwa sababu ya mwavuli wa padri uliopotea, na migomba waliyokuwa wanaikata ni yeye aliyeipanda.

Laurensia aliirudisha sidii kwenye kasha, akaliingiza kasha kifuani chini ya kitenge, akafunga kabati.

Alimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda, kibuyu kimebanwa katikati ya magoti. Karekezi alijulikana kwa vibuyu kuliko kwa ulinzi. Kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, kikipasuka huko Kanoni au Kituntu, hakitupwi mpaka yeye akione. Alitoboa vitundu kwa sindano ya moto pande zote mbili za ufa, akashona kwa uzi mwembamba, akaziba kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa mgomba, na kibuyu kikaenda kwenye harusi kama vile hakijawahi kuanguka. Alikuwa na kawaida ya kukijaza maji mbele ya mwenyewe, akakigeuza, akamwambia apitishe kiganja chini.

Aliipokea sidii, akaisogeza mwangani. Hakugomba. Swali lake la kwanza lilikuwa moja.

"Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Basi haijavunjika."

Laurensia alisema anataka kwenda kwa Katekista sasa hivi, kabla jua halijazama, akaseme ni mkono wake ulioteleza. Karekezi alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wateja, kisha akamuuliza kama amesahau habari ya mwavuli. Akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe, pamoja na kuzaliwa hapahapa, kila msako wa wahamiaji ukipita anaulizwa babake aliingia mwaka gani na kwa njia ipi, na kinachomjibia ni kusema anakaa kigangoni. Akamkumbusha Immaculata, mtoto wao, aliyekuwa darasa la sita na mwenye akili. Mwisho wakakubaliana hivi: kesho Laurensia ateremke Kayanga kwa Xaveri, fundi wa redio, amuulize kama mtu anayeuliza tu.

Xaveri alikuwa na meza barazani kwa duka la mwingine, imejaa matumbo ya redio. Laurensia alimwamkia, akasubiri watu wawili wahudumiwe, akatoa kitu chake. Alisema ni cha kaka yake.

"Kaka yako wa wapi?"

"Wa Chonyonyo."

"Chonyonyo kuna redio ya sidii." Xaveri aliwageukia vijana waliokuwa wameegemea nguzo. "Sikieni hiyo. Mimi hapa mjini sina, kaka wa mama huyu anayo. Na umeme nadhani anauchota kisimani."

Vijana walicheka. Laurensia alitazama chini, kwenye vidole vyake vyenye weusi wa maganda ya ndizi, akawaacha wamalize. Alikuwa na subira hiyo. Alikuwa ameishi kwayo.

Fundi alipoinua sidii juani, mzaha ulimtoka usoni. Aliuliza imepigwa tangu ipasuke? Haijapigwa. Basi vizuri, akasema, na isipigwe. Akachukua kipande cha gazeti, akajaribu kukichana kwa kukivuta pande mbili, kikakataa. Akakikata kidogo ukingoni kwa ukucha, akakivuta tena, kikachanika mpaka mwisho.

"Umeona? Ni huo mwanzo tu. Na huu wako umeanzia katikati, na katikati ndipo mashine inapoikamata. Humo ndani inazunguka kuliko gurudumu la baiskeli linaloteremka mlima. Inaweza kuimba leo, ikaimba na kesho. Siku itakayochoka inapasukia humohumo, vipande vinakwangua jicho la kusomea, na jicho likishakwanguliwa, hiyo redio ni sanduku la kuwekea chumvi."

"Na ikizibwa?"

"Kwa gundi? Mbaya zaidi. Unaiongezea uzito upande mmoja, inayumba. Mama, iache." Akainamisha kichwa, akamwonyesha kovu dogo juu ya nyusi. "Hii niliipata hapahapa. Ilikwama, nikaichokonoa kwa bisibisi. Ikikwama usichokonoe. Ile inakuwa imejipinda kama mtego. Ukiigusa tu inaruka, na inatafuta macho."

Alikataa hela. Alisema hajatengeneza kitu. Laurensia alipokuwa anafunga kitenge, fundi alimwita.

"Mwambie huyo kaka yako aseme mapema. Sidii ni kitu cha kusameheka. Mashine ndiyo ghali."

Ijumaa mchana, Karekezi alikuwa ameshawasha mkaa. Laurensia alimweleza tena yote, neno kwa neno, mpaka lile gazeti lililochanika na lile kovu. Karekezi alikuwa anaisubiri sindano iwe nyekundu.

"Xaveri ni fundi wa nyaya," alisema. "Hii si waya. Hii ni ufa. Tangu lini amewahi kuziba ufa?"

"Amesema itayumba."

"Itayumba ikizibwa na mjinga. Hebu shika hapa."

Angeweza kutoshika. Baadaye, alipoyapitia mambo yote moja moja kama mtu anayechambua maharage, hapo ndipo aliporudi mara nyingi zaidi: angeweza kusema sishiki, na mtu hawezi kushona kitu kama hicho peke yake. Lakini mumewe alikuwa ameshaizamisha sindano nyekundu ya moto, moshi mwembamba wenye harufu kali ukainuka, na sidii ingemponyoka ingeharibika papo hapo. Akashika.

Karekezi alitoboa vitundu vinne kila upande, vidogo kama punje za ulezi, vyote kwenye lile duara angavu. Akashona kwa uzi wa nailoni alioutoa kwenye wavu. Akapaka nta na utomvu, akasawazisha kwa kidole gumba kilicholowa, akapuliza. Ilikuwa kazi nzuri. Laurensia hakuwahi kumwona akishona nzuri namna ile. Mshono ulilala kama uti wa samaki. Alipomaliza aliichomeka kwenye msumari, akaipiga kwa kidole, ikazunguka, rangi zake zikakimbia ukutani.

"Tazama. Inatetemeka?"

Ilikuwa inatetemeka. Kidogo, upande mmoja, kama mtu anayechechemea kwa kujificha. Karekezi alikuwa anamtazama yeye, si sidii, na usoni alikuwa na ile furaha ya kumgeuzia mteja kibuyu.

"Haitetemeki," alisema.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Mukandekezi. Alipanga maua, akapangusa kabati na kasha, ambalo Karekezi alikuwa ameshalirudisha humo, bila kulifungua.

Jumapili wageni walifika na gari moja, wanne, pamoja na padri wa kuwatafsiria. Baada ya misa watu walitoka uwanjani, mabenchi yakatolewa. Redio iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, betri nane mpya ndani yake, zilizonunuliwa kwa mchango wa wanakwaya. Elpidius, mwalimu wa kwaya, alikuwa amevaa koti lake la harusi. Yeye ndiye peke yake aliyeruhusiwa kubonyeza vitufe, naye alivibonyeza kwa kidole kilichonyooka, akikumbuka kwamba anatazamwa. Aliitoa sidii akiangalia wageni, akaiweka akiangalia wageni.

Wimbo wa kwanza ulitoka mzima. Sauti za watu waliokuwa wamekaa palepale kwenye mabenchi zilitoka kwenye kile chombo, zikawarudia wenyewe, na wengine wakaanza kujiimbia pamoja na nafsi zao. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye nywele nyeupe, alifumba macho. Karekezi alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango wa sakristia. Alimtafuta mkewe kwa macho, akampata, akainua kidevu kidogo: umeona?

Katikati ya wimbo wa pili ikasikika sauti kama ya kuku anayepekua takataka. Elpidius akatabasamu kuwatuliza watu. Sauti ikawa ya kusaga. Kisha ikalia ile ta, safari hii kubwa, na ndani ya redio kitu kikakwaruza na kukwaruza, mpaka kikasimama.

Elpidius alifungua kifuniko. Akainama, akajaribu kwa vidole, haikutoka. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kisu cha kukunja.

Laurensia alisimama. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lote: usichokonoe. Watu wawili wa benchi la mbele waligeuka kumtazama. Akawaza: watauliza nimejuaje. Akawaza hivyo kwa muda mfupi sana, muda wa mtu kumeza mate, na muda huo ukatosha. Kitu kidogo cheupe kiliruka juani. Elpidius alishika uso, na kati ya vidole damu ikashuka ikaingia kwenye kola.

Kilimpata chini ya jicho, upana wa kidole kutoka kwenye jicho lenyewe. Wageni walikuwa na sanduku la dawa garini. Walimfunga bandeji, wakamkalisha, wakampa soda. Kisha kwaya ikaimba kwa midomo yake, na ndizi na nyama zikaliwa.

Walipokwisha kula, Katekista aliwaita sakristia: Karekezi, Laurensia, Mukandekezi, wote waliokuwa na njia ya kulifikia lile kabati. Byarugaba alikuwa mtu asiyepandisha sauti. Juu ya meza alikuwa amepanga vipande kwenye karatasi. Kimoja kilikuwa karibu nusu ya sidii. Katika ukingo wake kulining'inia uzi wa nailoni wenye nta.

Hakuuliza uzi ni wa nani. Hapakuwa na mtu katika kata nzima asiyeujua mshono ule.

"Mzee Karekezi," alisema. "Nieleze."

Laurensia alimtazama mumewe. Alijua atasema sasa, na alikuwa tayari. Alishajiandaa kusogea mbele na kusema ni mimi, yeye alikuwa anatengeneza tu. Lakini Karekezi aliongea kwa upole, kwa masikitiko, kama mtu anayelazimishwa kutoa siri ya mwingine, kidevu akikielekeza kwa Mukandekezi.

"Aliniletea analia. Mama huyu. Alisema imemponyoka, nimsaidie asifukuzwe. Nikamhurumia, Katekista. Kosa langu ni huruma."

Mukandekezi hakushtuka. Aligeuza kichwa polepole, akamtazama Karekezi, kisha akamtazama Laurensia, na hapo macho yake yakakaa. Nje wageni walikuwa wanacheka na watoto. Laurensia alisikia ulimi wake umelala mdomoni kama kitu cha mtu mwingine.

"Ni kweli?" Katekista aliuliza.

"Mimi sikuileta," alisema Mukandekezi.

"Kwa hiyo mzee amesema uongo."

Mjane aliinamisha kichwa. Alitazama miguu yake, ile miguu iliyokuwa imevimba barabarani, sasa imepona, ndani ya kandambili za kijani. Alipotazama juu tena hakumtazama mtu yeyote.

"Nisameheni," alisema.

Jioni, wageni walipokuwa wanapanda gari, yule mama wa nywele nyeupe alimshika Katekista mkono, akazungumza maneno mengi kwa furaha. Padri akatafsiri. Alisema wasihuzunike hata kidogo, sidii ni kitu kidogo sana, kwao zinapakiwa kama biskuti. Atatuma nyingine. Na redio atatuma.

Lakini ile barua Byarugaba alikuwa ameshaichukua. Hakuichana. Aliikunja vizuri akaitia mfukoni.

Jumatatu asubuhi Laurensia alimkuta Mukandekezi akifunga mkeka. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya tangi la maji, na vitu vyake vyote vilitosha kwenye furushi moja la kichwani. Laurensia alikuwa amemletea ndizi zilizochemshwa, zimefungwa kwenye jani, bado za moto. Aliziweka kizingitini kwa sababu hakuna mkono uliozipokea.

"Unaelekea wapi, mama?"

"Kyerwa. Wanasema huko wanachuma kahawa bila kuulizana karatasi." Alikaza kamba kwa goti. "Mpaka wakiulizana."

Laurensia alisema Karekezi hakulala. Ilikuwa kweli, aligeuka usiku kucha. Alisema na yeye hakulala. Alisema mambo mengine ambayo hayakuwa na mwisho, na mjane alimwacha mpaka yakaisha yenyewe.

"Mumeo," alisema, "siku ile alinipa maji. Watu wengi walipita, wengine wakanikanyaga, yeye akasimama. Nikajiambia, huyu siku moja atataka kitu, na mimi nitampa. Jana alitaka. Nimempa. Mimi na yeye basi."

Aliliinua furushi kichwani, akalisawazisha bila kushika.

"Lakini wewe, Mama Immaculata. Mimi na wewe tulikuwa tunafagia tu. Ile Jumatano nilisikia ilivyolia, nikanyamaza, nikasema ni jambo lake, atalisema mwenyewe. Nilikuwa nakungoja jana. Nilikungoja sana."

Alipita kando yake, akashika njia ya bondeni. Hakuzichukua ndizi. Kuku wa kigango walizipata kabla ya Laurensia kukumbuka kuziinua.

Ilimchukua Laurensia majuma matatu kwenda kusema. Mchana alifagia siku zake na siku za Mukandekezi, kwa kuwa mfagizi mwingine hakuletwa. Karekezi aliendelea kupokea vibuyu. Watu walimsifu kwa huruma yake. Mama mmoja wa Kituntu alimletea mkungu mzima. Elpidius alipita kila asubuhi kwenda shuleni na kovu lake jekundu chini ya jicho, akimwamkia Laurensia kama kawaida. Karekezi alisema yatapita. Alisema pia kwamba hakukusudia, neno lilitoka lenyewe, na Laurensia alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia.

Siku aliyokwenda kwa Katekista hakumwambia mumewe. Alimkuta uani anakausha kahawa, anaigeuza kwa miguu. Alimwamkia, akapiga magoti kama inavyopasa, akasema yote akiwa ameangalia zile punje. Kwamba alivuta kwa ukingo. Kwamba alikwenda Kayanga. Kwamba yeye ndiye aliyeshika, mumewe akashona. Kwamba alimwona Elpidius na kisu.

Byarugaba hakuacha kugeuza kahawa.

"Xaveri aliniambia," alisema. "Jumatatu ileile, nilipokwenda kumwonyesha redio. Alisema, hiyo sidii niliiona Alhamisi, aliileta mama mmoja mrefu, mpole, wa Chonyonyo."

Laurensia aliinua uso.

"Jumatatu ileile?"

"Jumatatu mchana."

"Alikuwa hajafika mbali. Ungeweza kutuma mtu na baiskeli."

"Ningeweza." Alitoka kwenye kahawa, akapangusa nyayo kwenye nyasi, mguu mmoja, kisha mwingine. "Sikiliza, mama. Mfagizi ninampata kesho. Mlinzi anayeijua kahawa ya kigango mti kwa mti, na asiyeiba, simpati. Nikisema mumeo alidanganya ndani ya sakristia, mbele ya vyombo vya misa, ni lazima nimtoe. Mkitoka nyinyi na mtoto, mnakwenda wapi? Na yule mama alikiri mwenyewe. Sikumpiga."

"Si yeye aliyefanya."

"Najua. Nimeshakuambia najua." Alisema kwa upole, karibu kwa huruma. "Nenda nyumbani. Usimsumbue mtu mwingine kwa hili, wala padri. Ukitaka kusema, sema kwenye kitubio, huko ndiko mahali pake. Na ile barua nimeichoma, kwa hiyo usije ukaniuliza."

Alipofika nyumbani, Karekezi alikuwa anamaliza kibuyu. Alimuuliza ametoka wapi. Akajibu alikwenda kuomba chumvi. Mumewe hakumuuliza chumvi iko wapi.

Kifurushi kilifika karibu na Krismasi. Kilikuwa na redio mpya, kubwa kuliko ya kwanza, na sidii. Katekista alizihesabu mbele ya kwaya: zilikuwa ishirini, zote sawa, kila moja na picha ya kanisa lao juu ya kasha. Moja ilipelekwa parokiani, moja akapewa Elpidius kwa ajili ya jeraha lake, ingawa hakuwa na cha kuipigia. Zilizobaki zilipangwa kabatini, safu ndefu.

Akawaita Laurensia na Karekezi, akawafundisha. Alisema mtu asivute pembeni tena. Palikuwa na kidude chenye meno katikati ya kasha. Unakikandamiza kwa kidole gumba, sidii inajiachia yenyewe, unaichukua. Alifanya yeye, akafanya Karekezi. Kisha akampa Laurensia.

Alikandamiza. Meno yakalegea, sidii ikapanda mkononi mwake nyepesi, nzima, bila sauti yoyote. Katekista akasema, umeona, ni rahisi. Karekezi akacheka kidogo. Laurensia alibaki ameishika, akisikiliza dirishani kama kuna ufagio nje, mpaka mumewe alipomgusa begani na kumwambia airudishe.